Baridi ya Maine na mfuko wa mzazi: kipi ulipie, kipi uombe bure

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, watoto wa shule za msingi za Portland na Lewiston hurudi nyumbani na karatasi ambayo haibadiliki sana. Mtoto aje na koti, buti na glavu kila siku. Mwenye homa abaki nyumbani. Chanjo ya mafua itatolewa shuleni, jaza fomu. Theluji ikizidi, shule itafungwa au itachelewa kufunguliwa kwa saa mbili, na ujumbe utaingia kwenye simu alfajiri. Kwa familia zilizohamia jimbo la Maine kutoka Bukavu, Bujumbura, Kigali au kambi ya Nyarugusu, kila mstari wa karatasi hiyo una bei yake. Tatizo ni kwamba bei hizo hazikuandikwa.

Makala hii inaziandika. Kipimo chake si bei iliyobandikwa dukani peke yake, kwa sababu gharama kubwa ya majira ya baridi haiuzwi dukani. Gharama hiyo ni siku ambayo mzazi hakwenda kazini.

Anza na bei ya siku moja

Chukua mshahara wa dola 15 kwa saa, ulio karibu na kima cha chini cha jimbo la Maine. Shifti ya saa 8 ni dola 120 kabla ya makato. Mtoto akishikwa na mafua makali, homa humlaza siku 3 hadi 5, na kikohozi huendelea baadaye. Siku 5 za kazi ni dola 600. Wakiwa watoto watatu wanaoambukizana kwa zamu, wiki moja huwa tatu.

Kuna kinga ambayo wafanyakazi wengi hawaijui. Tangu Januari 2021, sheria ya Maine inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 kumpa mfanyakazi saa 1 ya likizo ya kulipwa kwa kila saa 40 alizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka. Likizo hiyo huanza kutumika baada ya siku 120 kazini, na unaweza kuichukua mtoto akiugua. Anayefanya saa 40 kwa wiki anahitaji wiki 8 kujiwekea siku moja. Minnesota, jimbo jingine lenye baridi kali na wasemaji wengi wa Kiswahili, ina sheria ya namna hiyo tangu Januari 2024: saa 1 kwa kila saa 30, hadi saa 48 kwa mwaka, na inahusu hata siku ambayo shule ya mtoto imefungwa kwa hali ya hewa. Si kila jimbo lina sheria kama hii. Kwa hiyo kabla ya kupanga bajeti ya baridi, angalia hati yako ya mshahara uone una saa ngapi. Hizo ndizo akiba yako ya kwanza.

Sasa kila kitu kinachofuata kipime kwa dola 120.

Chanjo ya mafua: shuleni, kliniki au duka la dawa

Kwa mtoto wa Maine chanjo yenyewe hailipiwi. Jimbo huwanunulia watoto wote chanjo, wenye bima na wasio na bima. Kinachotofautiana ni muda wako.

Shuleni, mzazi husaini fomu na mtoto huchanjwa kati ya vipindi. Hakuna saa ya kazi inayopotea. Shida ni kwamba fomu isiyorudi ni chanjo isiyotolewa, na fomu nyingi hukaa chini ya mkoba hadi tarehe ipite. Kliniki, utahitaji miadi, usafiri na pengine nusu shifti, lakini daktari atamwangalia mtoto na chanjo nyingine kwa safari hiyohiyo. Duka la dawa hufungua jioni na wikendi, ila kabla ya kwenda piga simu uulize wanachanja watoto wa umri gani, maana si kila duka huchanja wadogo.

Kwa familia iliyofika karibuni kuna jambo la kuzingatia. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza maishani huhitaji dozi mbili, zikipishana kwa wiki 4 au zaidi. Watoto wengi waliotoka Afrika ya Mashariki na Kati hawajawahi kupata chanjo hii, kwa sababu haimo katika ratiba ya kawaida ya kule. Akichanjwa mara moja tu shuleni, kazi imefika nusu. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga baada ya chanjo, hivyo anayeanza Septemba huwa tayari kabla ya mafua kushamiri, na anayeanza Desemba hukimbizana nayo. Anayeogopa sindano aulize dawa ya kupuliza puani, inayoruhusiwa kuanzia miaka 2, isipokuwa kwa baadhi ya watoto, wakiwemo wadogo wanaopumua kwa mluzi.

Uamuzi: shuleni kwanza, kliniki kwa dozi ya pili. Gharama ni sifuri, na unachokwepa ni zile dola 600.

Dawa ya homa: majina mawili, dawa moja

Rafu ya dawa za watoto katika duka la Marekani huchanganya. Tylenol haina siri yoyote. Kiungo chake Wamarekani hukiita acetaminophen, nacho ni paracetamol ileile ya Panadol uliyoizoea. Motrin na Advil za watoto ni ibuprofen, jamaa ya Brufen. Ukijua hayo, utaacha kununua chupa mbili zenye dawa moja, na muhimu zaidi, utaacha kumpa mtoto dawa moja mara mbili ukidhani ni tofauti.

Kando ya chupa yenye jina maarufu huwa kuna chupa ya duka lenyewe, yenye kiungo kilekile na nguvu ileile. Kwa paracetamol ya maji ya watoto, soma pembeni: miligramu 160 katika mililita 5. Kwa ibuprofen ni miligramu 100 katika mililita 5. Namba zikilingana, tofauti iliyobaki ni karatasi ya nje na bei, na ya duka huwa nafuu kwa dola kadhaa. Mtoto akiwa na MaineCare, ambayo ndiyo bima ya afya ya Medicaid ya jimbo hili, muulize daktari kama anaweza kuiandika dawa ya kawaida kwenye cheti, kwa sababu bima huweza kulipia dawa iliyoandikwa lakini isilipie uliyojichukulia rafuni.

Pima dozi kwa uzito wa mtoto kuliko umri, na tumia bomba au kikombe kilichokuja na chupa. Kijiko cha chai cha nyumbani hakiaminiki. Paracetamol hutolewa kila saa 4 hadi 6, isizidi mara 5 kwa siku. Ibuprofen kila saa 6 hadi 8, na haipewi mtoto aliye chini ya miezi 6 bila daktari kuagiza. Aspirini usimpe mtoto mwenye mafua hata kidogo, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaodhuru ubongo na ini.

Dawa za kikohozi ndizo pesa rahisi kuokoa. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba zisitumiwe na mtoto aliye chini ya miaka 4, na hata kwa wakubwa kidogo faida yake ni ndogo. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja, na chupa ya asali hutumika kwenye chai ya familia nzima. Aliye chini ya mwaka mmoja asionje asali, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Kipimajoto cha dijitali cha kuweka mdomoni au kwapani hupatikana kwa takriban dola 10, na kinatosha. Vya kupima kipajini bila kugusa ni ghali zaidi, na ubora wake wa kweli ni kwamba havimwamshi mtoto. Chochote utakachonunua, kumbuka namba moja: 100.4 za Fahrenheit, sawa na 38 za Selsiasi. Hiyo ndiyo homa kwa lugha ya shule.

Mpeleke au asiende?

Kanuni ya shule nyingi ni kwamba mtoto arudi darasani baada ya saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Maneno manne ya mwisho ndiyo yanayovunjwa kila asubuhi. Mzazi asiye na likizo humpa mtoto paracetamol saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto linashuka, mtoto anapanda basi. Dawa ile hufanya kazi saa 4 hadi 6. Kabla ya chakula cha mchana homa imerudi, nesi wa shule anapiga simu, na mzazi anaondoka kazini katikati ya shifti, mara nyingi kwa teksi. Amepoteza nusu siku, amelipa nauli, na darasa limeambukizwa. Wiki inayofuata mtoto wa mwenzake atamrudishia ugonjwa.

Hesabu ya busara ni kupanga mapema na jirani. Familia mbili au tatu zenye shifti tofauti zinaweza kukubaliana tangu Oktoba nani atakaa na watoto siku ya theluji, na nani anayeweza kuja shuleni saa za kazi. Andika majina yao kwenye fomu ya dharura, kwa sababu shule haimkabidhi mtoto kwa mtu asiyeandikwa, hata akiwa mjomba wake wa damu.

Mafua ya kawaida bila homa, kamasi na kikohozi chepesi kwa kawaida havimzuii mtoto kwenda shule. Anayetapika au kuharisha abaki. Kwa ugonjwa wa tumbo wa majira haya, unaoletwa sana na norovirusi, jeli ya kusafishia mikono haifui dafu. Sabuni na maji ndiyo kinga, na hiyo ni nafuu kuliko jeli.

Mavazi: mitumba au mpya?

Katika majimbo ya baridi, watoto wa shule za msingi hutoka nje wakati wa mapumziko hata kwenye theluji. Shule nyingi huwabakiza ndani pale tu baridi ikichanganyika na upepo inapokaribia sifuri ya Fahrenheit, yaani kama −18 za Selsiasi. Kila wilaya ina kiwango chake. Mtoto asiye na suruali ya theluji hubaki ukutani akiwatazama wenzake.

Koti jipya la mtoto mara nyingi hufika dola 40, na bei hupanda haraka. Kwenye maduka ya mitumba kama Goodwill, koti zuri hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwa koti na suruali ya theluji, mitumba ndiyo jibu. Mtoto hukua kabla nguo haijachakaa, kwa hiyo nyingi zimevaliwa msimu mmoja tu. Jaribu zipu mara kadhaa kabla ya kulipa, kwani zipu ndiyo hufa kwanza. Nenda Septemba, maana theluji ya kwanza huondoka na saizi zote nzuri.

Buti ni habari nyingine. Hapa rahisi ni ghali. Buti la mtumba lenye ufa mdogo huingiza maji, na mguu uliolowa hupoa haraka. Ukinunua mtumba, ingiza mkono ndani ukague bitana, kisha ukunje soli uone nyufa. La sivyo, weka pesa ya kitu kipya hapa. Liache nafasi ya kidole gumba mbele. Soksi mbili ndani ya buti linalobana hubana damu na kuzidisha baridi, ilhali soksi moja ya sufu inatosha. Ya pamba hunyonya jasho na kubaki na unyevu. Glavu za mfuko, ambamo vidole vinne hukaa pamoja, hupasha kuliko zenye vidole mbalimbali, na hununuliwa jozi mbili kwa kuwa moja itapotea. Andika jina ndani ya kila kitu, hata mzula. Vitu visivyo na jina huishia kwenye kapu la vilivyopotea.

Kabla ya kununua chochote, mwulize nesi au ofisi ya shule. Shule nyingi zina kabati la makoti na buti vilivyotolewa na watu, na halimlazimu mzazi kueleza kipato chake. Wengi huona haya kuomba, kumbe vitu vile vinatafuta miguu ya kuvivaa.

Jambo moja la usalama halina bei: ndani ya gari, mvue mtoto koti nene kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, kisha mfunike nalo. Koti lililojaa hewa huufanya mkanda uonekane umekaza wakati umelegea.

Joto la nyumba

Nyumba nyingi za Maine hupashwa kwa mafuta, kwa uwiano mkubwa kuliko jimbo jingine lolote la Marekani. Mpangaji anayelinganisha nyumba mbili asitazame kodi peke yake. Tuseme moja ni dola 1,700 kwa mwezi pamoja na joto, nyingine dola 1,500 bila joto. Tofauti ya mwaka ni dola 2,400. Nyumba ya pili ikila galoni 600 kwa dola 3.50, mafuta ni dola 2,100, ungeokoa 300. Ikila 800, ni dola 2,800, na nyumba ya bei ndogo imekuwa ghali. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye nyumba ni galoni ngapi zilitumika mwaka jana. Mwulize pia kama mafuta hujazwa kidogokidogo, kwa sababu makampuni mengi hayaleti chini ya galoni 100, na hizo ni dola 350 kwa mkupuo. Sheria ya jimbo inataka mfumo wa joto wa nyumba ya kupanga uwe na uwezo wa kufikisha 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi.

Hita ya umeme ya kuweka chumbani huonekana nafuu kwa sababu ni ndogo. Nyingi hula wati 1,500. Uniti moja ikiwa senti 25, kuiwasha saa 8 kwa siku ni dola 3, na mwezi ni dola 90. Hiyo ni kwa chumba kimoja. Iweke mita moja mbali na pazia na matandiko, ichomekwe ukutani moja kwa moja bila waya wa kuongezea, na izimwe mnapolala. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, wala oveni isiachwe wazi ili kupasha nyumba. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na wale waliowahi kusikia habari za familia zilizolala na jiko chumbani wanaijua kazi yake. Kengele ya gesi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba wa Maine kuiweka.

Msaada wa kulipia joto, unaoitwa HEAP, una masharti ya kipato na ya hadhi ya uhamiaji, na wapangaji pia huomba. Piga 211, omba mkalimani wa Kiswahili, nao watakuelekeza kwenye ofisi ya eneo lako. Omba kabla ya baridi, kwani foleni hurefuka.

Akiugua: mlango upi?

Milango ipo minne, na bei hupanda kwa kila hatua. Wa kwanza ni simu: nesi wa shule, au namba ya nesi iliyo nyuma ya kadi ya bima. Ni bure. Wa pili ni kliniki ya jamii. Hizi zinazopata ruzuku ya serikali kuu, kama Greater Portland Health, hutoza kulingana na kipato na hazimrudishi mtu kwa kukosa pesa. Wa tatu ni kituo cha matibabu ya haraka, kinachofaa jioni kwa sikio linalouma au koo. Asiye na bima hulipa mara nyingi zaidi ya dola 100. Wa nne ni chumba cha dharura cha hospitali. Sheria ya mwaka 1986 inailazimu hospitali kumpima kila anayefika kwa dharura na kumtuliza hata kama hana pesa, lakini bili hufuata baadaye, na kwa asiye na bima mara nyingi hupita dola 1,000.

Hata hivyo usihesabu pesa ukiona dalili hizi: mtoto anahema kwa kasi na mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, haamki vizuri, hajakojoa kwa saa 8, au ni mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya 38. Piga 911.

Bima ndiyo inayobadilisha milango yote. Tangu Julai 2022, Maine huwapa MaineCare walio chini ya miaka 21 wenye kipato kinachostahiki bila kujali hadhi ya uhamiaji, wakiwemo watoto wa wanaosubiri hifadhi. MaineCare pia hulipia usafiri wa kwenda kwenye miadi ukiuomba siku kadhaa kabla. Mkalimani ni haki yako kliniki na shuleni, bure. Usimtumie mtoto wa darasa la nne kutafsiri ugonjwa wa mdogo wake.

Pesa ikiwa dola 100 tu

Ukiwa na mtoto mmoja na dola 100, zigawe hivi. Dola 45 ziende kwenye buti, jipya au la mtumba uliokaguliwa. Dola 20 kwenye koti na suruali ya mtumba. Dola 10 soksi ya sufu na glavu mbili. Dola 10 kipimajoto. Dola 15 zilizobaki ni paracetamol ya duka, asali na kopo kubwa la mafuta mazito ya mgando, ambayo hufanya kazi sawa na Vaseline kwenye ngozi iliyokauka na midomo iliyopasuka.

Peremende za vitamini ziruke. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D kidogo kwa jua hafifu la huku wakati wa baridi, na anayevuka mwaka mmoja huhitaji IU 600 za vitamini D kwa siku. Anza na maziwa, ambayo huongezewa vitamini hiyo, kama IU 100 kwa kikombe, na ambayo hutolewa pamoja na chakula cha shule. Chakula hicho ni bure kwa kila mwanafunzi wa shule za umma za Maine tangu mwaka wa masomo wa 2022–23. Kisha muulize daktari kama matone yanahitajika, kabla ya kununua kopo lenye picha ya dubu.

Yasiyo na bei yafanyike kabla ya hayo yote: fomu ya chanjo irudi shuleni, ombi la MaineCare liingie, majirani wawili waandikwe kwenye fomu ya dharura, na saa zako za likizo zihesabiwe. Mzazi aliyemaliza hayo manne mwezi Oktoba ameokoa zaidi ya yule aliyebahatika kupata koti la nusu bei mwezi Januari.